WAKATI INIVERSITE INAFUNGA MLANGO
Somo juu ya pandemi na masomo ya juu



Kila mwaka wakati kama huu, kaka na dada zetu wa darasa la sita wanaanza kuzungumza juu ya iniversite. Huyu anataka uganga, yule sheria, mwingine anasema atafanya politekniki. Wanauliza minervali ni ngapi na chumba cha kupanga kiko cha bei gani. Ni maulizo mazuri. Lakini kuna ulizo moja lenye hatulisikii ku uwanja: iniversite inapata mambo gani wakati ugonjwa unazunguka dunia yote? Ulizo hili haliko la vitabu tu. Mwaka 2020 tuliliona kwa macho, hata kama wengi wetu tulikuwa bado ku primeri na, kusema kweli, tulifurahi kukaa nyumbani. Wakubwa wetu wenye walikuwa ku iniversite hawakufurahi. Wengine walipoteza mwaka, wengine waliacha masomo kabisa. Ndiyo sababu tulichagua somo hili.

NENO LENYEWE

Pandemi ni neno la Kigiriki: pan ni "yote", demos ni "watu". Ni ugonjwa wa watu wote. Epidemi inapiga watu wengi wa mahali fulani. Pandemi inavuka mipaka na bahari. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, yenye ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, iliua watu 2.287, lakini tunaiita epidemi kwa sababu ilibaki zaidi sana kwetu. Korona, yenye wengi waliiona ndogo mbele ya Ebola, OMS iliiita pandemi tarehe 11 mwezi wa tatu 2020. Ukubwa wa neno hauonyeshi ukali wa ugonjwa kwa mgonjwa mmoja. Unaonyesha tu ugonjwa umefika wapi.

Na masomo ya juu ni yote yenye yanafuata diploma ya Leta: iniversite, ISP, ISTM na mengine ya namna ile.

ZAMANI SANA

Iniversite za Ulaya zilikuwa bado changa wakati tauni ilifika mwaka 1347 na 1348. Mfalme wa Ufaransa akauliza walimu wa uganga wa Paris: ugonjwa huu unatoka wapi? Wale walikuwa watu wenye elimu kupita wote. Mwezi wa kumi 1348 walijibu kwamba tarehe 20 mwezi wa tatu 1345 nyota tatu, Saturne, Jupiter na Mars, zilikutana mahali pamoja mbinguni, zikaharibu hewa. Tusiwacheke haraka. Hawakuwa na mikroskopi, na kijidudu cha tauni kilionekana mwaka 1894 tu, wakati Alexandre Yersin alikitafuta ku Hong Kong. Lakini jambo moja ni la kuangalia: walijibu kwa hakika kubwa, kama watu wenye wanajua. Profesa anaweza kukosa kama mtu yeyote, na anakosa kwa maneno mazuri kuliko wengine.

Tauni ile iliua mapadri na waandishi wengi ku Uingereza, watu wa kusoma wakakosekana. Basi ku Cambridge wakafungua nyumba mpya za wanafunzi: Trinity Hall mwaka 1350, yenye ilijengwa na Askofu William Bateman, na Corpus Christi mwaka 1352. Ku Oxford, New College ilifuata mwaka 1379. Kwa hiyo ugonjwa hauui masomo kila mara. Mara nyingine watu wanaona pengo, wanajenga.

Hadithi yenye inapendwa zaidi ni ya Isaac Newton. Mwaka 1665 tauni ilirudi, Cambridge ikafunga mlango, na kijana huyu wa miaka 22 akarudi kwao Woolsthorpe. Isipokuwa muda kidogo wa mwaka 1666, alibaki kule mpaka 1667, na ndani ya miezi ile alianza kazi yake kubwa juu ya hesabu, mwangaza na uzito wa vitu. Wakati wa Korona hadithi hii ilipita ku simu zote: kaa nyumbani kama Newton, utatoka mtu mkubwa! Sisi tunapenda kuongeza maneno mawili. Newton alikuwa amekwisha kupata degri yake ya kwanza. Kwao kulikuwa shamba, chakula, nafasi ya kukaa peke yake na vitabu. Hakuna mtu alimtuma kuuza sabuni ku soko. Na wenzake wote wa Cambridge wenye walirudi nyumbani siku zile na hawakuvumbua kitu, nani anajua majina yao?

KWETU

Homa kubwa ya mwaka 1918 ilipita Congo pia, lakini haikufunga iniversite hata moja sababu hatukuwa nayo. Lovanium ilianza mwaka 1954, ile ya Elisabethville ikafuata nyuma kidogo, na ya Waprotestanti ku Kisangani mwaka 1963. Tangu pale milango ilifungwa mara nyingi, lakini kwa sababu za watu. Mwaka 1971 Lovanium ilifungwa na wanafunzi wakaingizwa uaskari kwa nguvu. Mgomo wa maprofesa, vita, ukosefu wa mishahara, yote hayo wazazi wetu wanayajua. Ugonjwa wa kufunga inchi mzima kwa siku moja, huo tuliuona mwaka 2020.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu. Siku nane nyuma yake, tarehe 18, Raisi Félix Tshisekedi alisema ku televisheni: mashule, iniversite na enstiti zote zifungwe tangu kesho, majuma mane. Tarehe 24 akatangaza hali ya hatari na kutenga Kinshasa na majimbo. Majuma mane yakawa miezi. Hali ya hatari ilimalizika tarehe 21 mwezi wa saba, na masomo yakaanza kurudi mwezi wa nane. Karibu miezi tano. Haikuwa Congo tu: mwezi wa ine wa mwaka ule UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya miliari moja na nusu wenye walikuwa nje ya darasa, ku inchi zaidi ya 190. Ni kusema watoto na vijana tisa kati ya kumi.

Wakubwa wetu wanasema kwamba juma la kwanza lilikuwa kama konje. Watu walipanda mashua na malori kurudi kwao na begi moja, silabusi mbili. Juma la sita, mwenye nyumba alianza kuuliza feza ya chumba chenye hakuna mtu alilala ndani.

NAMNA MASOMO YANAKWAMA

Watu wengi wanafikiri kwamba ukifunga miezi tano, umepoteza miezi tano. Sivyo. Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu, si ya iniversite fulani.

Labo moja ya kemia iko na nafasi 24. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni 240, basi ni makundi 10. Kila juma makundi mawili yanaingia. Kwa kila TP moja, kazi inapita wanafunzi wote ndani ya majuma 5. Kozi inadai TP 4, ni majuma 20. Ni sawa. Sasa mlango umefungwa majuma 20, kisha umefunguliwa, lakini kwa sharti: mtu na mtu waachane metri moja. Nafasi 24 zinakuwa 12. Makundi 10 yanakuwa 20. Kila TP inadai majuma 10, kozi mzima inadai 40. Na wakati hawa bado wanangojea zamu yao, Egzameni ya Leta imefanyika na vijana wengine 240 wako ku mlango na diploma ku mkono. Unaona? Deni linazaa deni lingine. Kwa hiyo katika kozi za labo na za stagi ya hospitali, mwaka ulivutwa kama kauchu, lakini katika kozi za kusoma silabusi tu, walimu waliweza kukimbia.

Kukimbia nako kuna bei yake. Kozi ya saa 60 ilitolewa kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni, na egzameni nyuma ya siku mbili. Pointi zilitoka, mwaka uliokolewa, hakukuwa "mwaka mweupe". Lakini muulize mtu mwenye alisoma anatomi namna ile anakumbuka nini. Sisi tuliuliza wawili. Mmoja alicheka, mwingine alisema: "Mnanifanyia interro?"

Kenya walifanya kinyume kwa mashule yao ya primeri na sekondari: mwezi wa saba 2020 serikali ilisema mwaka ule hauhesabiwi, wanafunzi wataurudilia. Wazazi wengi walikasirika. Lakini ni lazima kuuliza kipi ni kizuri: mwaka wenye umepotea na watu wanajua umepotea, ao mwaka wenye umeandikwa ku karatasi kwamba ulifanywa?

FEZA

Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu ndiyo mahali vijana wengi walianguka.

Iniversite nyingi za inchi yetu, zaidi zile za makanisa na za watu binafsi, zinaishi kwa minervali. Leta hailipi, ao inalipa wachache. Mwanafunzi hayuko, minervali haiko. Minervali haiko, asistanti halipwi. Kwa hiyo asistanti alirudi shambani, ao alifungua duka ndogo, na wengine hawakurudi ku oditwari. Mtu mwenye anauza nakala za silabusi ku mlango wa iniversite alifunga. Mama mwenye anauza mikate na maharagi asubuhi, naye alifunga.

Sasa tuangalie nyumbani. Mtoto wa iniversite analipiwa na biashara ndogo ya mama. Mipaka ilifungwa. Mama mwenye alikuwa anavuka kila asubuhi toka Goma kwenda Gisenyi, ao toka Bukavu kwenda Rusizi, na kikapu ku kichwa, hakuvuka tena. Akiba ya minervali ikaliwa. Ni kweli wazazi hawakutaka, lakini tumbo halingoji mwezi wa nane. Iniversite ikafungua mlango, na mlango ukaonekana kuwa mrefu kuliko mbele.

Na katika nyumba yenye iko na watoto wawili ku iniversite na feza ya mmoja tu, nani anarudi? Tunajua namna familia nyingi zinahesabu. Kaka anarudi, dada anaambiwa angoje mwaka ujao. Dada zetu wengine waliolewa katika ile kungoja, wengine walizaa. Hakuna mtu aliwafukuza. Hakuna barua iliandikwa. Jina lao halikusomwa tu siku ya apeli. Tunaandika jambo hili sababu wasichana wa darasa la tano walituomba tusilisahau, na walikuwa na haki.

KUSOMEA KU SIMU

Iniversite za inchi tajiri zilihama haraka. Iniversite ya Washington, ku Seattle, ilitangaza tarehe 6 mwezi wa tatu 2020 kwamba masomo yatapita ku intaneti. Harvard ikafuata tarehe 10, wanafunzi wakapewa siku chache kutoka katika vyumba vyao. Cambridge ilisema tarehe 19 mwezi wa tano kwamba masomo ya oditwari kubwa yatapita ku intaneti mpaka 2021. Profesa anakaa kwake mbele ya ordinateri, wanafunzi mia mbili wanamwona ku kioo, kila mtu katika kisanduku chake kidogo.

Kwetu, mwaka ule, karibu mtu mmoja tu kati ya watano alikuwa na umeme nyumbani. Ordinateri ni ya wachache. Basi ikabaki simu. Maprofesa wengine walituma silabusi ku WhatsApp, wengine walisema kozi kwa sauti, dakika tano, dakika tano, na mwanafunzi anasikiliza kama redio. Ilikuwa akili nzuri na tunaisifu. Lakini mega zinanunuliwa. Video ya saa moja inaweza kumaliza feza yenye ingenunua unga wa siku. Na mwenye alikuwa kijijini pasipo reseau alipanda kilima, akakaa kule, akangoja. Tena, simu haina labo. Hakuna mtu atajifunza kudunga sindano kwa kusikiliza sauti.

Jambo hili liliwapiga zaidi wenye walikuwa wanasomea mbali. Waafrika wengi sana wanasoma China, na Wacongo wako kati yao. Maelfu walikuwa ku Wuhan penyewe wakati mji ule ulifungwa tarehe 23 mwezi wa kwanza 2020. Walibaki ndani ya vyumba, majuma na majuma. Lakini tunafikiri wenye walikuwa wamerudi kwao kwa konje ya mwaka mpya wa Kichina waliumia kwa muda mrefu zaidi. China ilifunga mpaka wake kwa wageni mwezi wa tatu 2020, na viza za wanafunzi zilianza kutolewa tena kwa kawaida mwezi wa nane 2022 tu. Zaidi ya miaka miwili! Fikiri mwanafunzi wa uganga mwenye anakaa Lubumbashi na anafuata kozi ya Beijing. Kule ni saa mbili ya asubuhi, hapa ni saa nane ya usiku. Anaamka, anawasha simu, anaangalia operasyo ku kioo, kisha analala, na ile inaitwa mwaka wa ine wa uganga.

Ku Marekani nako wageni waliogopeshwa. Tarehe 6 mwezi wa saba 2020 serikali ilisema mwanafunzi mgeni mwenye masomo yake yote yanapita ku intaneti atoke katika inchi. Harvard na MIT wakaipeleka mbele ya tribinali, na tarehe 14 ile amri ikaondolewa. Siku nane tu, lakini siku nane zinakuwa ndefu kwa mtu mwenye hajui kama atafunga valizi.

MAJIRANI

Wengi wetu tuko na ndugu wenye wanasoma Kampala, Bujumbura, Butare ao Dar es Salaam, kwa hiyo ni vizuri kulinganisha. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini kila inchi ilichagua njia yake. Burundi haikufunga. Tanzania ilifunga mwezi wa tatu 2020 na kufungua iniversite tarehe 1 mwezi wa sita. Rwanda ilianza kufungua kidogo kidogo mwezi wa kumi. Uganda ilifunga kuliko wote: wenye walikuwa mwaka wa mwisho walirudi mwezi wa kumi 2020, kisha mwezi wa sita 2021 mlango ukafungwa tena, iniversite zikafunguliwa mwezi wa kumi na moja 2021, na mashule mengine tarehe 10 mwezi wa kwanza 2022. Dunia mzima haikuona mashule yenye yalifungwa muda mrefu kupita yale. Kwa hiyo vijana wawili wenye waliacha Bukavu siku moja, mmoja kwenda Bujumbura, mwingine Kampala, hawakumaliza pamoja. Akili yao ilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa basi yenye kila mmoja alipanda.

Sisi wa Congo tulifungwa mara ya pili pia: mwezi wa kumi na mbili 2020 amri ya kutotembea usiku ikatoka, mashule yakafungwa mbele ya Noeli, na masomo yakarudi tarehe 22 mwezi wa pili 2021.

EGZAMENI YA WAINGEREZA

Jambo hili linahusu darasa la sita zaidi, lisomeni polepole. Ku Uingereza mwaka 2020 egzameni ya mwisho ya sekondari, yenye inafungua mlango wa iniversite, haikufanywa. Walimu waliambiwa waandike pointi zenye wanafikiri kila mwanafunzi angepata. Leta ikaogopa kwamba walimu watatoa pointi kama maji, ikatumia hesabu ya ordinateri kuzirekebisha. Ordinateri iliangalia nini? Iliangalia pia matokeo ya shule ile katika miaka yenye ilipita. Tarehe 13 mwezi wa nane matokeo yakatoka: karibu pointi 40 kwa 100 zilikuwa zimeshushwa kuliko zile za walimu. Mtoto mwenye akili ku shule lenye halikufaulu sana zamani alishushwa kwa sababu ya wakubwa wake wenye yeye hakuwajua. Vijana wakapoteza nafasi zao za iniversite. Wakatoka ku barabara, wakapiga kelele, na tarehe 17, siku ine tu, serikali ikaacha ile hesabu na kurudilia pointi za walimu. Lakini sasa iniversite zilikuwa na watu wengi kupita vitanda!

Ufaransa nayo ilifuta egzameni za kuandika za bac na kuhesabu pointi za mwaka. Zaidi ya 95 kwa 100 walipita. Ku Congo Egzameni ya Leta ilichelewa, lakini ilifanywa, kila mtu ku kiti chake na kalamu yake. Wengi wananung'unika juu ya egzameni yetu, na hatusemi haina makosa. Sisi wenye tunatoka ku mashule madogo, yenye majina hayajulikani Kinshasa, tunapenda karatasi yenye haiulizi kaka yako alipata ngapi.

INIVERSITE YENYEWE ILIFANYA NINI?

Tusiseme tu namna ugonjwa ulipiga iniversite, sababu iniversite nayo ilipiga ugonjwa. Ku Italia, mwezi wa tatu 2020, hospitali zilijaa, na serikali ikaondoa egzameni ya mwisho ya waganga ili vijana karibu 10.000 waingie kazi mara moja. Ku Iniversite ya Johns Hopkins, mwalimu Lauren Gardner na mwanafunzi wake wa doktora walianza tangu tarehe 22 mwezi wa kwanza kuhesabu wagonjwa wa dunia ku karta moja ya intaneti. Serikali na magazeti mengi yaliangalia ile. Oxford ilitengeneza chanjo pamoja na AstraZeneca, Uingereza ikaikubali tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2020.

Na Katalin Karikó, mama wa Hungary mwenye alifanya kazi Marekani: miaka mingi alitafuta namna ya kutumia mRNA kama dawa, hakuna mtu alitaka kumpa feza, na mwaka 1995 iniversite yake ilimshusha cheo. Aliendelea. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman wakaandika matokeo yenye watu wachache walisoma. Mwaka 2020 chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna zikatoka katika kazi ile, na mwaka 2023 wakapewa zawadi ya Nobel. Feza ya kutafuta elimu inatolewa miaka ishirini mbele ya ugonjwa. Siku ugonjwa unafika, ni kuchelewa.

Kwetu tuko na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwanafunzi wa Lovanium ya 1969. Mwaka 1976 alienda Yambuku kuona ugonjwa wenye haukuwa na jina, uliitwa Ebola. Mwaka 2020 ndiye alipewa uongozi wa kupigana na Korona. Kutokana na damu ya mtu mwenye alipona Ebola ku Kikwit mwaka 1995, yeye na wenzake wa Marekani walipata dawa yenye leo inaitwa Ebanga. Alisoma hapa, akaongeza masomo Ubelgiji, akarudi.

Lakini elimu peke yake haitoshi kama watu hawaiamini. Tarehe 19 mwezi wa ine 2019, watu wenye silaha waliingia hospitali ya iniversite ku Butembo, wakamwua Dr Richard Mouzoko wa Cameroun, mwenye alitumwa na OMS kwa ajili ya Ebola. Alikufa ku iniversite, ndani ya mkutano wa kazi. Watu wengi walikuwa wanaambiana kwamba ugonjwa ni biashara. Kati ya wenye walisema vile kulikuwa pia watu wa diploma. Tuliandika juu kwamba walimu wa Paris walikosa kwa maneno mazuri. Basi na sisi tuangalie maneno yenye tunatuma ku simu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KU DARASA

1. Rudilia hesabu ya labo, lakini sasa makundi matatu yanaingia kila juma pahali pa mawili. Kozi ya TP 4 itadai majuma ngapi kwa nafasi 24? Na kwa nafasi 12? Nani atalipa asistanti wa kundi la tatu?

2. Katika nyumba yenye iko na feza ya mtoto mmoja tu, ni nani arudi ku iniversite, na kwa sababu gani? (Wavulana wajibu kwanza.)

3. Ikiwa Egzameni ya Leta haiwezi kufanywa mwaka fulani, ungependa pointi zako zitoke wapi: kwa mwalimu wako, kwa mwaka wenye ulipita, ao kungoja?

Majibu yaandikwe ku karatasi moja, yaletwe kwa komite ya gazeti mbele ya siku ya tano. Tutachapa mawili yenye yanapingana.